Pampu haijanistaafisha sindano

Jumapili baada ya ibada mama mmoja tunayeimba naye kwaya alinivuta kando akaniambia, "Nimeskia siku hizi hujidungi. Mungu ni mwema mwanangu, umepona." Nikamwambia mama, sijapona sukari, dawa ni ile ile insulini, siku hizi inapitia pampu badala ya sindano, imebadilisha mlango tu. Akatingisha kichwa vile watu hutingisha wakiona imani yako ni kidogo.

Sasa wacha niandike hii kitu mara moja niwe natuma linki, maana nimechoka kueleza.

Mimi nina sukari ya aina ya kwanza, ile ya kinga ya mwili kugeuka na kumaliza zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Haikuletwa na soda wala chai ya majani mengi na sukari nyingi, na haiishi kwa majani ya mti wowote, kwa hivyo zile video za muarobaini msinitumie tafadhali. Nilipatikana nayo 2004 nikiwa darasa la saba huko Kitui, nyumba haina stima, friji tuliiona kwa duka tu, kwa hivyo mamangu alikuwa anaweka insulini kwa chupa, chupa kwa karatasi ya nailoni, alafu anaifukia kwa mchanga mbichi ndani ya mtungi nyuma ya mlango. Na ilikaa. Kudungana tulijifunzia kwa chungwa, mimi na yeye, na hilo chungwa lilidungwa mpaka likawa halilikiki. Ilikuwa ile insulini ya kuchanganywa, nyeupe ka maji ya mchele, unaiviringisha polepole katikati ya viganja kabla uvute, asubuhi moja na jioni moja. Shida ya hio ni kwamba ukishajidunga lazima ule saa fulani, njaa iwe iko ama haiko. Insulini ndio ilikuwa bosi wa jiko letu.

Nikaja Nairobi nikabadilishiwa, moja ya siku nzima usiku na ya haraka kila nikila, yaani mara nne kwa siku. Piga hesabu, hio ni sindano 1,460 kwa mwaka, na mimi naweka vitabu vya hesabu kwa duka la mapazia kwa hivyo nilipiga, kwa bahati mbaya.

Pampu ilikuja na binamu yangu kutoka Marekani, imetumika, sio ile mpya inaongea na kifaa cha kupima sukari na kujirekebisha yenyewe. Yangu haina akili, inafanya tu vile umeiambia. Ni kakitu ka saizi ya ile simu ndogo ya mulika mwizi, ndani kuna kachupa ka insulini ya haraka peke yake, inatoka kwa mrija mwembamba mpaka kwa kanula, yaani kabomba laini kanakaa chini ya ngozi ya tumbo. Inadondosha kidogo kidogo mchana na usiku, alafu ukikula unabonyeza iongeze. Daktari hakunikabidhi hivi hivi, siku tatu za kwanza ilikuwa na maji ya chumvi tu ndio nizoee kulala nayo na kuoga bila kuilowesha, huku naendelea na sindano zangu. Alafu tukakaa na kikokotoo. Kwa sindano nilikuwa natumia yuniti 40 kwa siku, akapunguza hadi 32 maana kwa pampu mwili wa wengi huhitaji kidogo kuliko awali, nusu ikawa ya kudondoka saa 24, ukigawa unapata kama 0.67 kila saa. Hizo ni zangu, usinakili, wewe utaanguka.

Na hapo ndio nilipenda hii mashine, niseme ukweli. Sukari yangu hupanda yenyewe kutoka saa tisa usiku hadi kuche, sijakula kitu, ni homoni za asubuhi zinaamka kabla yangu. Kwa sindano ya siku nzima hakuna namna unaiambia kuanzia saa tisa ongeza kidogo na saa mbili rudi chini, ukishadunga umedunga. Pampu naiambia 0.9 kwa hayo masaa, na mara ya kwanza niliamka nikiwa 6.2, yaani sukari iko sawa, nilipima tena na kidole kingine nikidhani stripu imeharibika. Alafu kuna ile harusi huko Mwingi, tuliambiwa chakula saa saba kikaja saa kumi na nusu baada ya hotuba za wajomba wote, miaka ile ningekuwa nishatetemeka jasho likinitoka natafuta soda, siku hio nilikaa nikipiga makofi kama watu wengine.

Lakini kubonyeza lazima ujue unabonyezea nini na hapa ndio kazi iko. Yuniti moja yangu inabeba gramu 15 za wanga. Sawa, chapati ni gramu ngapi? Zile programu za simu zinajua mkate wa kizungu na piza, ugali hazijui, na zikijua zinakuuliza kikombe ngapi, nani anapima ugali na kikombe? Nikanunua mizani ya jikoni. Nikakuta chapo yangu moja inameza unga kama gramu 60, na unga wa ngano robo tatu yake ni wanga, kwa hivyo hio ni 45, yuniti tatu. Chapo moja! Ile ya kibanda karibu na kazi ni nene na ina mafuta hayana huruma, inapandisha polepole masaa mengi, hio bado tunabishana. Ugali nikaupima pia, gramu 100 za ugali mgumu ni kama 25 za wanga, ingawa ugali wa mume wangu na wangu si kitu kimoja, wake unaweza kujengea.

Yeye huiita hii pampu mke mwenza. Akigeuka usiku anauliza kwanza, "Huyu mwenzako amelala wapi?"

Mjini nayo ni sinema. Askari wa supamaketi akipitisha ile fimbo kiunoni inalia, ananiangalia.

"Hii ni nini madam?"

"Ni dawa."

"Dawa iko na skrini?"

Siku hizi amenizoea, ananiuliza sukari iko ngapi leo, alafu anafungua mkoba wangu vile vile. Betri pia nimejifunza, yangu inatumia ile ndogo ya rimoti kubwa, na ukiweka ya bei rahisi ya kioski inalia imeisha kabla kesho kufika. Na kwa matatu naificha ndani ya blauzi, maana mwizi akiona kamrija na skrini anajua hio ni simu na earphone, atavuta, na akivuta anaondoka na kongosho langu.

Ile ya kuvutwa ilinipata lakini haikuwa mwizi. Ilikuwa Ijumaa, mvua, jam, steji imejaa watu mpaka barabarani, gari ikaja tukasukumana vile tunasukumana, kiondo cha mama mmoja kikashika mrija wangu mlangoni. Nilisikia kuvutwa kidogo tumboni. Nikaguza juu ya nguo, plasta iko, nikakaa nikashukuru nimepata kiti. Nyumbani nikala ugali na omena na sukuma, nikabonyeza yuniti 4. Saa tatu usiku nikapima, 17, iko juu sana. Nikabonyeza ya kurekebisha. Saa tano, 22, mdomo umekauka ka gunia, naenda choo kila dakika, na mashine imetulia tu. Skrini inasema imetoa. Ndio, kutoa imetoa, swali ni imetoa wapi? Mrija ukiziba pampu hupiga kelele, lakini dawa ikimwagikia nje yenyewe haijui, kazi yake ni kusukuma.

Harufu ndio iliniambia. Insulini ina harufu yake, ka ya plasta mpya ama kabati la dispensari, ukiijua huisahau. Niliinama kuvua soksi nikaiskia kutoka kwa blauzi yangu. Nikainua, plasta iko sawa kwa juu, chini yake kumeloa, kanula imekunjika iko nje imelala juu ya ngozi. Chakula chote na masaa yote ya kudondoka vilikuwa vimekunywewa na blauzi.

Na hii ndio kitu hakuna mtu wa kwaya anataka kuskia. Mwenye sindano akisahau ya chakula, ile ya siku nzima bado iko mwilini inamshikilia. Mwenye pampu hana akiba, iko ya haraka tu, ikikatika masaa machache damu inaanza kujaa asidi. Nikapima ketoni, ndio hio asidi, kwa mkojo, karatasi ikageuka zambarau ya kuogopesha. Nikatapika mara moja. Mume wangu ashavaa viatu anatafuta teksi, nikamwambia ngoja, lete ile kalamu ya kujidunga insulini iko kwa mlango wa friji. Nikajidunga pajani ka zamani. Seti mpya, yaani mrija na kanula yake, maji glasi kwa glasi, kupima kila saa, teksi tukaiweka kwa hesabu kwamba nikitapika mara ya pili hakuna mjadala. Saa kumi alfajiri nilikuwa 9. Nilienda kazini hio Jumamosi, na vitabu nilivyoandika siku hio ilibidi nivirudie Jumatatu.

Mamangu nilimwambia baada ya wiki. Akanyamaza kwa simu, alafu akauliza, "Na sindano ulikuwa nayo?" Nikasema nilikuwa nayo mama. "Haya." Tukaongea mambo ya mahindi.

Kitu kingine kinanisumbua ni seti. Inafaa ubadilishe kila siku mbili tatu, boksi la kumi ni mwezi, na si kitu utaingia tu duka lolote la dawa uulize, wengine wananiangalia ka nimeomba spea ya ndege. Bei ya boksi inaonana na kodi ya nyumba. Kwa hivyo nilikuwa navuta, siku nne, tano, na ndio nimejipatia uvimbe mmoja upande wa kushoto ulikuwa na usaha, sister wa kliniki alinigombeza mbele ya watu na alikuwa na haki. Siku hizi nikiona boksi linaisha sivuti tena, natoa pampu naiweka kwa droo, narudi kwa sindano wiki mbili tatu mpaka mzigo ufike. Unaanza na ile ya siku nzima kwanza, na hesabu daktari amekuandikia mapema, si usiku wa manane unakisia.

Sai boksi iko na seti tatu. Binamu anakuja mwezi ujao, tarehe hajasema. Jana nimenunua kalamu mbili, moja iko kwa friji, moja iko kwa mkoba, na askari ashaniuliza hio nayo ni nini.