Tepu ya kupimia iliyouokoa ukuta wangu Coventry

Shemeji yangu alinikatisha tamaa kabisa. Alisema ECO, mpango wa serikali wa kuzuia joto lisipotee majumbani, ni wa wastaafu tu, tena lazima kampuni yako mwenyewe ya gesi ndiyo ikubali kukulipia. Yote mawili hayakuwa kweli, nami nilipoteza misimu miwili ya baridi kwa kumsikiliza, huku mwanangu akikohoa kwenye chumba ambacho kila Desemba ukuta wake ulijaa kuvu jeusi.

Kuanzia 2013 serikali ya Uingereza ilizilazimisha kampuni kubwa za umeme na gesi kugharamia kazi za kuzuia joto lisipotee, hasa kwenye nyumba za watu wa kipato kidogo, na Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, ndiyo iliyozifuatilia. Hukuhitaji kuwa mteja wa kampuni iliyolipa. Sisi tulikuwa tunapokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na cheti cha nishati cha nyumba yetu kilikuwa daraja la E (A ndiyo bora, G ndiyo mbaya kabisa). Cheti hicho unakitazama bure kwenye rejista ya serikali, unaandika postikodi tu. Chini ya ECO4, awamu ya nne ya mpango huo, nyumba ya E ilipaswa kufikishwa angalau C, kwa hiyo hawakuwa wakija kugusa kitu kimoja na kuondoka.

Mkaguzi wa kwanza alibisha hodi bila kuitwa. Alisimama kwenye njia ya miguu, akaitazama nyumba labda dakika mbili, akaandika kwamba ukuta hauna uwazi katikati, hivyo watabandika paneli za kuzuia baridi upande wa nje kisha wapige plasta juu yake. Moyo wangu ulikataa. Marehemu baba alikuwa mwashi Tanga, na utotoni nilimbebea matofali. Ukuta mzito usio na uwazi lazima uwe na matofali yaliyolazwa kukatiza unene wake, kwa hiyo ukiwa nje utaona vichwa vyake vifupi katikati ya yale marefu. Wetu, uliojengwa miaka ya 1930, haukuonyesha kichwa hata kimoja. Nikafungua mlango wa mbele, nikaweka tepu kwenye unene wa ukuta: sentimita 28. Ukuta mzito wa tofali moja huwa kama 23, kwa hiyo wetu ulikuwa na uwazi ndani. Nikamwonyesha. Akasema fomu imeshajazwa, nisaini tu. Nikamrudishia kalamu yake.

Najivunia siku ile mpaka leo. Oktoba 2025 wakaguzi wa hesabu za serikali walitoa ripoti: takriban 98% ya nyumba zilizobandikwa kwa nje chini ya mipango hii zina kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Nilipoisoma nilishika mdomo.

Halmashauri ndiyo iliyonielekeza kwa mafundi waliosajiliwa TrustMark, mfumo wa kuidhinisha mafundi wa nyumba. Hao walitoboa tundu dogo ukutani, wakaingiza kamera, nikajionea mwenyewe uwazi mtupu. Waliujaza punje za kuzuia baridi kwa asubuhi moja. Darini palikuwa na pamba ya kuzuia baridi ya sentimita kumi hivi iliyolala. Wakaongeza hadi 27. Kungoja ndiko kulikochosha, miezi minne au mitano, na kuondoa masanduku na masufuria ya shughuli kule juu. Gari la kuyabeba na rangi ya chumba cha mtoto vilinigharimu kama pauni mia. Kazi yenyewe hatukulipia hata senti.

Waliweka pia feni jikoni na bafuni, wakapunguza milango kwa chini ili hewa ipite. Kuna dada aliniambia nizibe matundu yale ya kupitishia hewa kwa matambara, eti joto linatoka. Tafadhali msizibe. Tunapika pilau, tunaanika nguo ndani. Mvuke ule usipopata pa kutokea, kuvu litarudi palepale.

Januari, theluji nyembamba ilipoanguka usiku, paa letu lilikuwa bado jeupe saa nne asubuhi. Kwenye la jirani tuliyeungana naye ukuta theluji ilikuwa imeshayeyuka yote, joto la nyumba yake likipotelea angani. Alikuja kuuliza. Nikampa tepu yangu akapime mlangoni kwake.