Esansi ya daraja la juu na nembo za vituo vyetu

Kila anapotoka nyumbani kwake Bel Air, shemeji yangu hupita vituo vitatu vya mafuta bila kusimama, akaenda kujaza gari katika kituo cha nne, kwa sababu anaamini kwamba esansi ya daraja la juu ya kampuni ile ina nguvu kuliko ya makampuni mengine yote ya Lubumbashi. Jumapili moja tukiwa mezani aliniuliza kwa nini mimi najaza popote ninapokuta foleni fupi. Jibu lilikuwa refu kuliko chakula, nikamwahidi kwamba nitaliandika.

Kwanza neno lenyewe. Hapa kwetu ukisema petroli, wengi wataelewa mafuta ya taa, kwa kuwa tumelipokea neno hilo kutoka Kifaransa, ilhali ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huita petroli kile tunachokiita esansi. Nitasema esansi mpaka mwisho, maana kuchanganyika kwa vitu hivyo viwili ni jambo zito ambalo nitalirudia.

Kinachoitwa daraja la juu hupimwa kwa namba ya okteni. Namba hiyo haionyeshi wingi wa nguvu iliyomo ndani ya esansi. Huonyesha esansi inavyostahimili kubanwa ndani ya silinda kabla ya kulipuka yenyewe bila kungoja cheche ya buji. Maabara hutumia injini maalumu ya silinda moja, na huilinganisha esansi inayopimwa na mchanganyiko wa vimiminika viwili, isookteni iliyopewa namba 100 na heptani iliyopewa 0, hivyo esansi ya 95 ni ile inayostahimili sawasawa na mchanganyiko wenye isookteni asilimia 95. Injini inayohitaji 95 ikipewa pungufu, utaisikia ikigonga unapopanda kilima na mzigo, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Gari la kisasa lina kihisio kinachosikia mlio huo, na kompyuta yake huchelewesha cheche ili kuiokoa injini, jambo linalopunguza nguvu na kuongeza ulaji wa mafuta. Kinyume chake, injini iliyoundwa kwa 90 haifaidiki kwa kupewa 95. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kiliyapa magari ya esansi ya kawaida esansi ya daraja la juu, wala hakikuona ongezeko la maana la nguvu au nafuu ya maana katika ulaji.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia nembo, mtu alijue gari lake. Mengi ya magari yetu madogo yametumika Japani kabla ya kutufikia, na usukani wake wa kulia unalithibitisha hilo. Huko Japani esansi ya kawaida hutakiwa kuwa na okteni isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Nilifungua kifuniko cha tangi la Toyota Ist yangu nikakuta kibandiko cha maandishi ya Kijapani ambacho miaka yote nilikuwa nakiona bila kukisoma. Nilipokielekezea simu ili initafsirie, kilisema esansi ya kawaida isiyo na madini ya risasi. Shemeji naye ana Mark X ya kizazi cha kwanza yenye injini ya lita 2.5, inayobana mchanganyiko wake wa hewa na esansi mara 12, na kibandiko chake kinadai daraja la juu. Yeye ana sababu ya kuitafuta esansi hiyo, mimi sina. Niongeze kwamba mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo injini isiyo na tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, hubana hewa pungufu na haigongi kwa urahisi. Ndiyo sababu katika majimbo ya milimani ya Marekani huuzwa hata esansi yenye namba ndogo kuliko ya mabondeni.

Sasa tuje kwenye nembo. Kongo haisafishi mafuta yake. Yale yanayochimbwa Moanda huuzwa nje yakiwa ghafi, na esansi yote tunayochoma huagizwa. Sehemu kubwa ya esansi ya Lubumbashi hupanda malori Dar es Salaam, ikasafiri karibu kilomita 2,000 kupitia Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Tanzania huagiza mafuta kwa mpango wa pamoja, ambapo meli moja huleta shehena ya makampuni mengi, yakiwemo mafuta ya kupita kwenda nchi jirani. Maana yake ni kwamba makampuni mawili yanayogombania wateja kwenye barabara moja ya mji huu huenda yamechota katika meli ileile, na ikiwa ni hivyo, okteni ya esansi yao ni ileile kwa sababu kiini chake ni kilekile. Bei ya esansi nayo hupangwa na serikali kwa kanda, na sisi tumo katika kanda ya Kusini. Kampuni isiyoweza kushusha bei hushindana kwa rangi za kituo, kwa sifa, na kwa neno la kuvutia lililoandikwa juu ya pampu.

Hata hivyo singependa kumwambia shemeji kwamba nembo ni rangi tupu, kwa sababu huo ungekuwa uongo. Kuna kitu ambacho kampuni huweza kuongeza chenyewe, nacho ni dawa ya kusafishia injini, inayotiwa kwenye esansi wakati lori linapakiwa bohari, kwa kipimo kidogo sana. Excellium ya TotalEnergies na V-Power ya Shell husifiwa hasa kwa dawa za namna hiyo. Kazi yake ni kuzuia utando mweusi usigande kwenye vali na kwenye tundu za injekta, zile zinazonyunyiza esansi, na kazi hiyo ni ya kweli: AAA hiyohiyo, katika utafiti mwingine wa 2016, ililinganisha esansi zenye dawa kwa kiwango kilichopendekezwa na watengenezaji wa magari na esansi zenye kiwango cha chini cha kisheria, na baada ya mwendo wa maili 4,000 utando wa kundi la pili ulikuwa mara 19 ya ule wa kundi la kwanza. Tofauti hiyo ilitokana hasa na dawa. Esansi ya kawaida iliyotiwa dawa nzuri huisafisha injini kuliko esansi ya okteni kubwa isiyo na dawa.

Hapo kuna jambo ambalo shemeji hatalipenda. Mark X yake hunyunyizia esansi moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo esansi haipiti kwenye vali za kuingizia hewa, na dawa hiyo, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuziosha. Itamsafishia injekta tu.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni kile kinachoweza kuipata esansi baada ya kuvuka mpaka, wala hakihusiani na okteni. Mwezi wa Januari mwaka mmoja, siku mbili baada ya mvua kubwa, nilijaza katika kituo ambacho sitakitaja, na kabla sijafika Katuba gari lilianza kukohoa, likazima. Fundi alichomoa mpira wa esansi, akakinga chupa ya plastiki isiyo na rangi, kisha akaiweka juu ya boneti na kuniambia ningoje. Baada ya dakika moja mstari ulijitokeza, umenyooka kama uliochorwa kwa rula: juu esansi ya manjano hafifu, chini maji, vidole viwili vizima. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye tangi la chini ya ardhi. Nililipia kusafisha tangi, filta mpya na siku nzima ya kazi iliyopotea.

Kuhusu mafuta ya taa yanapochanganywa kwenye esansi, madhara yake ni ya polepole. Okteni yake iko chini mno, hivyo kiasi kidogo tu kikichanganywa huishusha esansi yote, na injini huanza kugonga hata ikiwa pampu imeandikwa super, yaani daraja la juu. Mafundi wengi huijaribu kwa karatasi nyeupe: tone la esansi safi hukauka upesi bila kuacha alama, lakini lenye mafuta ya taa huacha duara la mafuta. Esansi ya bidoni inayouzwa kando ya barabara na wale tunaowaita kadhafi huwa na shida nyingine hata isipochanganywa, kwani ikikaa juani kwa siku nyingi sehemu zake nyepesi huruka, na asubuhi za baridi za Juni na Julai gari huwa gumu kuwaka.

Nilipomaliza kuyaandika haya nilikwenda na shemeji hadi kwenye kituo chake cha nne. Nilimwomba pompisti, kwa heshima, atuambie kama wanapima maji katika tangi lao. Alichukua fimbo ndefu ya kupimia, akaipaka mwishoni dawa nzito inayobadilika rangi ikigusa maji, akaizamisha, akaipandisha na kutuonyesha. Dawa ilikuwa na rangi yake ileile. Alisema hufanya hivyo kila asubuhi na kila baada ya lori kushusha. Shemeji alijaza yake ya daraja la juu, nami, pampu ya pili, nikajaza ya kawaida.