Mota ya mjomba Masasi ilivyopona mi nikiwa fildi Ujerumani

Nasoma umeme, niko fildi Ujerumani, juzi mjomba kanipigia video kutoka Masasi, mota ya fezi tatu ya mashine yake ya kusaga inanguruma tu haizunguki na inachemka, fundi kashasema isukwe upya waya za ndani, hela yote ya korosho iishie hapo, iliniuma sana. Shikamoo mjomba, nikamwambia zima kwanza, ikinguruma hivo itaungua kweli.

Hapa karakana nimefundishwa kupima kontakta, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota, kabla ya kuifungua mota. Nikaongea na fundi, umeme unaoingia fezi kwa fezi ukasoma karibu volti 400 kote, safi. Sasa washa sekunde chache tu, weka mita juu na chini ya kontakti (vyuma vya ndani ya kontakta vinavyogusana kupitisha umeme) ya fezi ileile, kontakti nzima inasoma karibu sifuri. Mbili sifuri, ya tatu volti kibao! Kufungua, imeungua nyeusi ina vishimo, yani fezi moja ilikua haifiki kwenye mota kabisa.

Wakafunga kontakta mpya na rilei ya kulinda fezi, inayozima mota fezi moja ikikosekana, maana ovalodi (kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa) peke yake inachelewa kukata. Mota ikaondoka hapohapo, foleni ya mahindi ikaanza kusogea.