Waja leo, kuondoka majaliwa

Jumapili, saa nne usiku. Nimerudi kutoka zamu ya mchana, miguu inawaka moto, na nje theluji ya Bremen imeshageuka tope. Nimetandaza ramani ya Ugiriki juu ya meza ya jikoni. Kona zake nimezikandamiza kwa vikombe viwili, chupa ya asali na kopo la chumvi, maana karatasi yenyewe ilikuja imekunjwa na haitaki kunyooka. Ukivitazama kwa mbali, vile visiwa ni kama punje za mchele zilizomwagika kwenye sinia la buluu. Huko ndiko tunakotaka kwenda Septemba, mimi na dada yangu mkubwa.

Wiki iliyopita nilikuwa na visiwa saba. Niliviandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: Mykonos, Delos, Paros, Naxos, Koufonisia, Amorgos, Santorini. Siku kumi na mbili. Nikaupiga picha ukurasa, nikamtumia dada Muscat. Jibu lilikuja kwa sauti, na kabla hajasema neno nilimsikia akishusha pumzi.

"Mdogo wangu, hii ni likizo au umetumwa kufanya sensa? Magoti yangu unayajua. Mimi siendi kukimbizana na meli."

Nilinuna kidogo. Kisha nikakumbuka Hispania mwaka juzi: miji mitano kwa siku nane, na nilichobaki nacho ni sauti ya magurudumu ya begi kwenye barabara za mawe na foleni ya choo kwenye stesheni fulani. Lipo kanisa kubwa nililolipa kuingia, na leo hata rangi ya kuta zake sikumbuki. Basi nikachukua kalamu, nikaanza kukata.

Santorini ilitangulia. Najua wengi mtashangaa, maana ukitaja Ugiriki, picha inayomjia mtu ni zile nyumba nyeupe zilizong'ang'ania ukingo wa volkano. Tatizo ni kwamba picha hiyo imemjia kila mtu. Mwaka 2025 wamelazimika kuweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli za kitalii kwa siku, kwenye kisiwa chenye wakazi kama 15,000. Mimi huko nilivutwa na Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu ya volkano miaka kama 3,600 iliyopita, ukafukuliwa una nyumba za ghorofa, mifereji ya maji machafu na michoro ukutani. Mmoja wa michoro hiyo, wenye mbayuwayu wanaocheza angani juu ya miamba na maua, uko kwenye jumba la makumbusho Athens. Na Athens tutapita tu. Nitawasalimia mbayuwayu huko.

Mykonos niliikata bila kufikiri. Sina nguo zake wala pesa zake. Paros niliikata kwa huzuni, na sababu ni moja tu: siku hazikutosha.

Halafu kuna upepo. Hili ndilo lililonifanya nifute hata mpangilio wa siku niliokuwa nimeuona mzuri. Kule upepo mkuu wa kiangazi wanauita meltemi. Unatoka kaskazini, na unakuwa mkali zaidi Julai na Agosti, wakati sisi mwambao tuko kwenye kusi. Yaani kaskazi yao inavuma majira ya kusi letu. Jua kali, mbingu haina wingu hata moja, na bahari imechafuka povu tupu. Ukizidi kiwango, wakuu wa bandari wanapiga marufuku meli kutoka, na abiria wote mnabaki mlipo mpaka upepo utulie. Hakuna wa kumgombeza.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu jikoni. Mtu wa Tanga nafundishwa hili? Kwetu mgeni anaambiwa waja leo, kuondoka majaliwa. Tulikuwa tunalisema kwa kujigamba, kwamba ukifika Tanga utanogewa usitake kutoka. Sasa naliona kwa upande wa nahodha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza niliyoiandika upya kwenye daftari ni hii: siku ya ndege isiwe siku ya meli. Usiku wa mwisho tulale Athens, meli itoke isitoke jana yake. Na Septemba nimeichagua kwa sababu hiyo hiyo. Meltemi inakuwa imeanza kuchoka, bahari bado ina joto la kiangazi, na watoto wa Ulaya wamerudi shule.

Safari yenyewe imebaki hivi. Kutoka uwanja wa ndege wa Athens unapanda treni ya chini kwa chini, njia ya 3, inakufikisha mpaka bandari ya Piraeus bila kubadilisha. Tunalala hapo hapo Piraeus. Asubuhi tunapanda meli ya kawaida kwenda Naxos. Zipo za kasi, zinatumia kama saa tatu na nusu njiani, lakini unafungiwa ndani na kiyoyozi kama bidhaa. Ile ya kawaida inachukua kama saa tano na zaidi, ila una sitaha, una upepo usoni, unaona kisiwa kikianza kama doa kisha kinapata milima, kisha kinapata nyumba. Mimi nimekulia kwenye bandari. Saa mbili za kuokoa nizipeleke wapi?

Naxos tutakaa siku sita. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika kundi la Cyclades, kina maji, kina mashamba, viazi vyake na jibini yake vinajulikana Ugiriki nzima. Yaani ni mahali ambapo watu wana kazi nyingine mbali na kunisubiri mimi. Ukiingia bandarini, kitu cha kwanza kinachokupokea ni mlango. Mlango mtupu wa marumaru, urefu wake kama mita sita, umesimama peke yake juu ya kijisiwa kilichounganishwa na mji kwa njia ya mawe. Walianza kujenga hekalu pale mnamo mwaka 530 hivi kabla ya Kristo, utawala ukaanguka, ujenzi ukaishia njiani. Wanauita Portara. Umebaki mlango usio na nyumba, na bahari inaonekana pande zote mbili.

Kaskazini mwa kisiwa, kijiji cha Apollonas, kuna sanamu ya mtu iliyoachwa kwenye machimbo ya marumaru kabla haijakamilika. Ni zaidi ya mita kumi, amelala chali, ndevu zinaanza kuonekana, mikono bado imeshikana na mwamba. Nilimtumia dada picha. Akajibu: "Huyo ndiye mwenye akili. Miaka elfu mbili na mia tano hajainuka."

Vijiji vya milimani tutavifikia kwa basi: Halki, Filoti, na Apiranthos ambako hata vichochoro vimesakafiwa kwa marumaru. Sijapanga siku gani ni kijiji gani. Tutaamka, tutakunywa chai, tutaangalia magoti yamesemaje. Siku ambayo magoti yamekataa kuna basi la pwani pia, la Agia Anna na Plaka, na mchanga wa huko hauna ngazi.

Mama hajaridhika. Jana kanipigia kutoka Tanga. "Bahari unakwenda kuilipia? Si ipo hapa Raskazone?" Nikamwambia kuna magofu pia. Kimya kidogo. "Na Tongoni je?"

Hapo alinipata. Tongoni iko kusini tu mwa mji, ina gofu la msikiti na makaburi ya kale zaidi ya arobaini, mengine yana nguzo, na mimi mtoto wa Tanga nimefika mara moja katika maisha yangu, na shule, na ninachokumbuka ni mihogo tuliyokula kwenye basi. Sikuwa na jibu. Nilimuuliza habari za pweza, bei gani siku hizi, akasahau. Au alijifanya kasahau. Wagiriki nao wanampiga pweza kwenye mwamba mpaka alainike, kisha wanamwanika kwenye kamba mbele ya mgahawa, mikono yake ikining'inia kama soksi. Nilipoiona ile picha, ndipo nilipoamua kwamba tutakwenda.

Ugiriki kwetu lakini si jina la kwenye ramani tu. Babu mzaa mama alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la mkonge la Mgiriki, upande wa Korogwe. Sisi watoto tukikimbia uani alikuwa anatupigia kelele, "Siga siga!" Tukidhani ni Kisambaa. Nimekuja kujua ukubwani, Mgiriki mmoja mgonjwa wodini kwangu alipokuwa anajaribu kushuka kitandani huku anajisemea mwenyewe: siga siga. Polepole. Basi babu aliambiwa neno hilo na bosi wake kwenye barabara mbovu, asije akaangusha mzigo, akalibeba mpaka nyumbani. Wakata mkonge, waliokuwa na kipande cha siku thelathini cha kujaza ndipo walipwe, sidhani kama kuna aliyewaambia siga siga.

Hilo linanirudisha Delos. Kisiwa hiki sikukikata, ingawa dada alitaka. Kutoka Naxos kuna boti za matembezi ya siku moja, upepo ukiruhusu. Hakuna mgeni anayelala huko. Unashuka, unatembea, unaondoka. Kwa hadithi zao ndiko alikozaliwa mungu wao Apollo, na ilifika wakati ikakatazwa mtu kuzaliwa wala kufia pale, hata makaburi yakahamishiwa kisiwa cha jirani. Watu huenda kuona simba wa marumaru waliotolewa na watu wa Naxos. Wa asili wako ndani ya makumbusho, wanaopigwa jua nje ni nakala. Lakini kuna jambo jingine. Mwaka 167 kabla ya Kristo Warumi waliifanya Delos bandari huru, na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba iliweza kupokea na kusafirisha watumwa makumi ya maelfu kwa siku moja. Pangani, nayo bandari ya watumwa zamani, iko mwendo mfupi kutoka kwetu. Bandari ya namna hiyo sihitaji kuelezwa. Nitakwenda, nitavua viatu kidogo kwenye kivuli cha ukuta, nitarudi na boti ya mchana.

Baada ya hapo, Koufonisia siku tatu. Kuna meli ndogo maarufu, Skopelitis, inayozunguka vile visiwa vidogo kutoka Naxos mpaka Amorgos, na inasifika kwa kuyumba. Dada sijamwambia. Kisiwa chenyewe unakizunguka kwa miguu, na ng'ambo yake kuna Keros, kisiwa kitupu ambako watu wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita walikuwa wanapeleka vipande vya sanamu za marumaru, vimevunjwa makusudi kwingineko, wakavifukia. Kwa nini, kila mwanaakiolojia na lake. Nitakuwa nakitazama kutoka pwani, miguu ikiwa majini, nami niwe na langu.

Amorgos ilikufa wiki hii. Kuna monasteri nyeupe imebandikwa kwenye jabali juu ya bahari, Hozoviotissa, ya karne ya 11. Wanawake wanatakiwa kuvaa sketi ndefu, na kwa hilo mimi na dada tulikuwa tumeshafaulu, kanga zipo. "Ngazi ngapi?" akauliza. Nikasema mia kadhaa. Hakujibu siku nzima. Nikachukua kalamu.

Limebaki suala la viza yake. Mimi na kibali changu cha Ujerumani napita, yeye anahitaji ya Schengen: euro 90, bima isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, uthibitisho wa mahali pa kulala. Na kwenye fomu kuna kisanduku kinataka tarehe ya kutoka. Siku, mwezi, mwaka. Nimemwambia aandike tarehe 24. Neno majaliwa halina pa kukaa kwenye kile kisanduku.

Chumba cha Naxos nimekipata, ndani ya mji wa kale, kina kibaraza kinachotazama mlango ule. Nilipomtumia picha, dada alirudisha ujumbe mfupi: "Kiko chini au juu?" Nimemwandikia mwenye nyumba siku nne zilizopita. Hajajibu. Nadhani majira haya ya baridi amefunga, yuko kwenye viazi vyake.