Siku tano hazikunitosha: nilivyopanga upya kamera za stoo yangu Mwaloni

Stoo yangu ya dagaa iko Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mzigo ukitoka hapa kwenda Lubumbashi unakaa njiani siku nyingi, na malalamiko huja magunia yakishashushwa na kuhesabiwa. Mteja mmoja alinipigia siku ya tisa: "Dada, nimepokea thelathini na nane, siyo arobaini." Nikamwambia, subiri kaka, nina kamera. Kurudisha nyuma, picha ya zamani kuliko zote ilikuwa ya siku tano zilizopita. Diski ilishajaa, na DVR, kile kisanduku kinachorekodi kamera, diski ikijaa hufuta picha za nyuma na kurekodi juu yake. Magunia mawili nikayalipa.

Fundi aliyenifungia kamera alisema, "Mama, terabaiti moja ni ndogo, tuweke ya terabaiti nne." Hakunidanganya, diski kubwa inasaidia. Ila mpwa wangu alinizuia: "Shangazi, kabla hujatoa hela, tuangalie kwanza inarekodi kwa ubora gani."

Tukafungua menyu. Kamera zote nne zilikuwa na ukubwa wa picha wa 1080p, fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde, mfumo wa kubana picha wa H.264, na kilobiti 4096 za data kwa sekunde. Mpwa alipoondoka nikashika maus mwenyewe, nikazishusha zote hadi 720p, nikiamini picha ikipungua na nafasi inayoliwa kwenye diski inapungua. Wiki ilipopita nikaangalia: siku tano zilezile. Iliniuma sana, maana picha nilikuwa nimeipunguza bure.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo natamani kila mwenye duka aambiwe siku ya kwanza anapofungiwa kamera. Kinachojaza diski ni zile kilobiti kwa sekunde. Ni kama koki na simtanki: ukiacha koki imefunguka vilevile, simtanki litajaa kwa muda uleule hata ubadilishe bomba. Kamera zangu zilikuwa zimewekwa kiwango kisichobadilika, kwa hiyo ziliandika kilobiti 4096 kila sekunde, picha iwe kubwa au ndogo, stoo iwe na watu au tupu.

Tukapiga hesabu kwenye karatasi ya risiti. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo gawanya 4096 kwa nane upate kilobaiti 512 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima. Kamera moja inakula gigabaiti 44 hivi kwa siku, nne zinakula 177. Terabaiti moja ni gigabaiti 1,000: siku tano na nusu, basi.

Kwa hasira nikashusha zote hadi kilobiti 512 na picha ndogo kabisa iliyokuwepo kwenye menyu. Siku zikaruka zikapita arobaini! Lakini jioni moja nilisimamisha picha gunia likiwa juu ya mizani. Kila gunia letu lina alama ya mteja, imeandikwa kwa rangi nyekundu. Pale kwenye skrini alama ilikuwa doa, na uso wa kuli aliyelibeba ulikuwa miraba miraba kama kitambaa cha drafti. Siku arobaini za picha zisizotambulisha gunia la nani hazinisaidii mimi wala mteja.

Ndipo nikajiuliza kila kamera inatazama nini. Ya mizani na mlango niliirudisha 1080p, fremu 15, kilobiti 2048, maana huko ndiko alama zinakosomwa. Tatu zilizobaki, ya uani, ya ndani na ya mezani, zikawa 720p kwa kilobiti 1024. Hizo nataka zinionyeshe tu nani alipita na saa ngapi. Zote nikazihamishia H.265, ambayo hubana picha vizuri zaidi ya H.264, hivyo kilobiti chache zinatosha kutoa picha safi. Jumla ni kama gigabaiti 55 kwa siku. Diski ileile sasa inanipa siku kumi na nane.

Nilijaribu pia kuweka kamera irekodi pale tu kitu kinapotikisika. Ndani ilifaa. Uani ilishindikana: wale wadudu wa ziwa wanaoinuka kama moshi hujaa kwenye taa ya mlango, na kamera ikarekodi usiku kucha.

Mwezi uliopita mteja wa Songea alipiga simu siku ya kumi na tatu, amepungukiwa gunia moja. Nikarudisha nyuma. Fuso lipo mlangoni, makuli wanapanga foleni, na gunia lenye alama yake, nyekundu inasomeka herufi kwa herufi, linashushwa pembeni ya mizani ili kupisha mtu. Fuso likaondoka, gunia likabaki. Nilikwenda ndani nikalikuta chini ya magunia ya mtu mwingine. Nikampigia, nikamwomba radhi, na kesho yake asubuhi lilikuwa juu ya basi.