Ndugu wa boga asiyetaka maji

Hapa Sakina, Arusha, ninapouza miche, wateja hunibishia nikisema huu mmea wenye majani kama sarafu ni wa jamii ya maboga. "Boga gani hilo, dada?" Nawaonyesha vikono vyake vilivyojisokota kwenye waya, wananyamaza. Kidogo.

Unaitwa Xerosicyos danguyi, asili yake Madagaska. Jenasi ya Xerosicyos, yaani kundi la ndugu zake wa karibu, ilielezwa kisayansi na Mfaransa Henri Humbert mwaka 1939, na huko kisiwani ndiko inakoota porini. Ninachokipenda zaidi ni ujanja wake wa kupumua: vitundu vya majani hufunguka usiku, jua likiwa halipo, huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi kama asidi. Mchana hujifunga, jani likaitumia hewa hiyo bila kupoteza maji mengi. Mboga ya maboga ingekuwa imeshanyauka!

Kuna mmea dume na mmea jike, kama mpapai.

Masika ndiyo adui. Uweke chini ya paa, kwenye moramu iliyochanganywa na udongo kidogo, na usimwagilie mpaka chungu kikauke kabisa. Ukitaka kipandikizi, kiache kivulini jeraha likauke, ndipo ukichomeke. Bei tutaelewana.