iPod kwenye redio ya gari la Kijapani

Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, na redio yake haina tundu la AUX (la waya wa sauti) wala la USB. Nikanunua kile kifaa kidogo cha kurusha mawimbi ya FM, cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, nikaunga iPod yangu kuukuu ya kuchezea muziki, nikakiweka 101.3 ili redio iushike muziki hapo. Nikaenda kuitafuta kwenye redio. Inafika 90.0, kisha inarudi 76. Basi, 101 haipo kabisa!

Nilikuwa nimeshaanza kumlaani muuzaji bure. Redio za magari mengi ya Japani zinashika 76 hadi 90 tu, na kifaa changu kinarusha 87.5 hadi 108. Vinakutana 87.5 hadi 90 tu, na kwa Dar es Salaam kipande hicho kimesongamana stesheni. Nilijaribu 88, taarabu ikachanganyika na matangazo ya sabuni. Nikapekua hatua kwa hatua nikisikiliza mvumo mtupu usio na mtu nyuma yake. Kwangu ulikuwa ukingoni kabisa, 87.5.

Muziki ukaja, ila kwa mikwaruzo. iPod ilikuwa imefunguliwa sauti hadi mwisho; nilipoipunguza kidogo na kuongeza ya redio, ikasafika. Ukabaki mlio mwembamba uliopanda kila nikikanyaga mafuta. Huo ulikuwa wa chaja: iPod ilikuwa inachajiwa hapohapo garini. Sasa naichaji nyumbani usiku.

Fundi mmoja alitaka kunifungia kipanua masafa, yaani kifaa cha kuiwezesha redio kushika stesheni zilizo juu ya 90. Nimekataa kwanza.